Mpindo wa Tatu

Ijumaa, 5 Mfunguo Tano 1327

Tabibu amenisikiliza kifua asubuhi, kisha akavaa makubadhi yake bila kuacha dawa. Binti yangu Radhiya alimsindikiza mpaka dakani, na aliporudi alinibadilishia mto ambao haukuwa na kasoro yoyote. Nimeelewa. Nina miaka sabini na sita, na kwa miaka arobaini nimewafundisha watu wa Lamu kusoma na kuimba kaswida. Naijua pumzi inapokaribia mwisho wa mstari.

Naanza kuandika kwa sababu ya mjukuu wangu Muhdhar, mwana wa Radhiya. Mwezi ujao, Mfunguo Sita, Alhamisi ya mwisho baada ya Alasiri, ataongoza kaswida yetu katika Maulidi kwa mara ya kwanza, na ameniomba ijaza, ruhusa ya maandishi ya kuirithi sauti. Desturi yetu ni kwamba mwenye kuongoza haanzi kuimba mpaka isomwe silsila yake mbele ya watu: sauti hii nimeipokea kwa fulani, naye kwa fulani. Yetu ni fupi na mji mzima unaijua. Mimi kwa baba yangu, baba kwa babu, na babu alikuja nayo kutoka Hadhramaut. Ndiyo maana huitwa Sauti ya Babu.

Ijaza ni karatasi moja tu. Nimekaa nayo tangu adhuhuri, na wino umekauka kalamuni mara tatu.

6 Mfunguo Tano

Joto. Maji ya kisima cha uani yameanza kuwa na chumvi.

8 Mfunguo Tano

Jirani yetu wa upande wa mashariki ni karani wa forodha, Mgoa, jina lake Bwana Lobo. Ukuta wetu ni mmoja. Ana santuri, ile mashine ya sanduku na tarumbeta inayotoa sauti za watu wasiokuwepo. Wakristo wako katika mfungo wao wa siku arobaini, na kila akitoka kazini huweka sahani moja, ile ile, mara moja tu.

Radhiya alikuwa akinisugua miguu, ambayo imevimba. "Baba, wasikia?" akasema. "Karani kamfungia mwanamke sandukuni, na mwanamke ataka kutoka."

"Si mwanamke huyo," akajibu Muhdhar kutoka ngazini. "Ni paka kakanyagwa mkia."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nikisikiliza. Mwanamke huanza juu, kwa mwendo wa kutembea kwa furaha, na chini yake kuna kinanda cha upepo kinachomfuata. Kisha kamani, ile chuma inayoizungusha mashine, inachoka. Mwendo unalegea na sauti inashuka, kidogo kidogo. Ikifika mwisho si sauti ya mwanamke tena, ni ya mtu mzima anayebeba kitu kizito. Mahadhi hayabadiliki hata kidogo. Lakini mwanzo ni arusi na mwisho ni jeneza.

9 Mfunguo Tano

Tena. Ile ile.

10 Mfunguo Tano

Upande wa magharibi, uani, Muhdhar na wenzake wanafanya mazoezi kwa matari matano. Upande wa mashariki, santuri. Mimi nimelala katikati.

Ufa mwembamba umetokea ukutani juu ya kitanda, kwenye chokaa. Radhiya asema ni joto.

13 Mfunguo Tano

Bwana Lobo amekuja kunijulia hali. Ni mtu mfupi, mpole, na Kiswahili chake ni cha vitabuni na cha bandarini kwa pamoja. Alikuja na maembe mawili na radhi.

"Mwalimu, nisamehe kwa kelele. Kamani imechoka. Nimeandika Bombei waniletee nyingine."

Nilimwambia si kelele, ila ningependa kuisikia karibu. Akaileta, yeye na mtumishi wake, wakaiweka juu ya kasha langu la vitabu. Nikamuuliza ule ni wimbo gani.

"Wa kanisani, Mwalimu. Wa zamani, miaka mia mbili hivi. Mama yake Isa analia. Anasema: macho yangu, msikauke, aliyekuwa kifuani pangu wamemchukua."

Mimi naye tuna maneno tofauti juu ya mwana wa Maryamu. Hatukuyagusa. Nilimuuliza mwendo wake wa haki ni upi, ule wa mwanzo au ule wa mwisho.

"Sijui, Mwalimu. Kwenye sahani hawakuandika. Kwetu Goa huimbwa polepole, lakini kila padri ana mguu wake." Akanionyesha parafujo ndogo pembeni. "Ukizungusha huku, inakimbia. Huku, inatembea."

"Izungushe itembee. Zaidi. Zaidi."

Akaizungusha mpaka mwisho. Sauti ikashuka, ikawa ya mwanamke mwenye kifua kizito, anayeimba huku mikono yake inafanya kazi nyingine. Kila alipopinda sauti alikawia pale pa kupinda, kama mtu aliyefika mlangoni na hataki kuingia.

Nilimwomba aondoe sindano. Alidhani nimeumwa, akamwita Radhiya, na santuri ikarudishwa kwake.

14 Mfunguo Tano

Sikuandika ijaza.

17 Mfunguo Tano

Nimefundisha maisha yangu yote kwamba sauti ina mambo matatu: mwendo, kimo na hali. Mwendo ni mguu. Kimo ni mahali pa kusimama. Hali, nilisema, hutoka kwenye maneno. Wanafunzi waliandika, nao wakawafundisha wengine hivyo.

Nilikosea. Badili mwendo, na kimo kitashuka, na hali itageuka, na maneno yakiwa yale yale. Nililijua hilo kabla ya santuri kuletwa Lamu. Nililijua kwa sababu nililitenda.

Naandika sasa kabla mkono haujachoka. Sauti ya Babu si ya babu. Babu yangu alikuwa muuza tende asiyeweza hata kuadhini. Niliichukua katika nyumba hii, mwaka 1283, kwa mwanamke aliyeitwa Hadia, mjakazi wetu.

Basi. Leo inatosha.

18 Mfunguo Tano

Radhiya ameuliza kwa nini silali. Nimesema joto.

Ijumaa, 19 Mfunguo Tano

Hadia aliitwa hivyo kwa kuwa aliletwa kama hadia, mama yangu alipewa na jamaa zake. Mume wa Hadia alikufa kwa ndui, akabaki na binti mmoja, Tima. Tima alizaliwa mwezi mmoja na Radhiya. Mke wangu alishikwa na homa ya uzazi na maziwa yakamkauka, na Hadia ndiye aliyemnyonyesha Radhiya, huku Radhiya na huku Tima, mpaka wakatimiza miaka miwili. Kwa sheria yetu hao ni ndugu. Radhiya hajui. Mke wangu aliona haya, nami nikamwachia haya zake.

Wasichana walipokuwa na miaka sita, rafiki yangu wa Siyu alimwoza binti yake. Nilitaka kumpelekea tunu. Nikampelekea Tima, akamtumikie bibi arusi.

Nilizijua hukumu. Nilijua kwamba imekatazwa kumtenga mama na mwanawe mdogo, nikatafuta kauli ya kunipa nafasi. Nikaipata, maana mwenye vitabu vingi haikosi. Ilisema miaka saba. Tima alikuwa na sita. Nikamjumlishia miezi ya tumboni, nikamjumlishia na mfunguo uliokuwa haujaandama, akawa na saba. Nilifanya hesabu hiyo kwa kalamu hii ya mwanzi au kwa dada yake.

21 Mfunguo Tano

Mawingu upande wa bara, kisha yakaondoka. Mchwa wanahama kutoka boritini. Santuri leo haikumaliza wimbo. Ilisimama katika beti ya mwisho, katikati ya neno.

24 Mfunguo Tano

Muhdhar alikuja na karatasi mpya na wino mpya. Amenyoa vizuri, ana kanzu iliyopigwa pasi. Aliketi mwisho wa kitanda, akanipigia beti ya kwanza kwa vidole gotini.

"Babu, kwenye mpindo wa tatu niuharakishe zaidi? Watu hupenda pale. Hapo ndipo hata wazee husimama."

Nilimtazama. Nimempenda kijana huyu kuliko kitu chochote tangu alipozaliwa, kwa kuwa ana koo langu. Leo niliona ana macho yangu pia, yale ya mtu anayesikia watu wakimpigia makofi kabla hawajaja.

"Mpindo wa tatu uache," nikasema.

"Niuache vipi? Ndio utamu wenyewe!"

28 Mfunguo Tano

Kuna jambo lililobaki nyuma, nami nimelizunguka siku tisa.

Tima alipokwisha kuondoka, Hadia hakulia. Alisaga, alichota, alisuka mikeka. Lakini mchana, akisuka, aliimba. Nilikuwa nikikaa chumba hiki hiki na vitabu vyangu, yeye upande wa pili wa ukuta. Ulikuwa wimbo mfupi wenye mipindo mitatu, na sikuwa nimesikia kitu kama kile kwa mwalimu yeyote. Nikaanza kungoja wakati wake wa kusuka. Nikaanza kuagiza mikeka ambayo hatukuihitaji.

Kila Ijumaa alikuja mlangoni akasimama. "Bwana, nipe ruhusa nende Siyu nimwone Tima. Siku tatu tu."

Na kila Ijumaa nilisema, Inshallah.

Mpindo wa tatu ulinishinda kuushika. Aliimba pale kwa sauti ya ndani, akimeza neno. Basi Ijumaa moja nikamwambia: "Niimbie yote, mara tano, wazi, hapa mbele yangu, nami nitakupeleka Siyu mwenyewe." Aliimba mara tano. Alisimama mlangoni, mikono imeshika nguzo. Mara ya tano nilikuwa nayo, ila neno lile moja. Nilimwambia aende jikoni, tutakwenda mwezi ukiandama.

Mwezi uliandama. Nilikuwa nimeshughulika. Nilikuwa nikitunga maneno na kuuongeza mwendo, kwa kuwa polepole ilikuwa nzito na watu wasingeipenda. Nikaifanya nyepesi kwa matari. Katika Maulidi ya mwaka ule watu walisimama na kulia kwa furaha. Nilipoulizwa nimeipata wapi, mdomo wangu ukasema, kwa babu.

Hadia alikuwa jikoni na wajakazi wengine, akiwapikia wageni. Aliisikia. Najua, kwa kuwa tangu siku ile hakuimba tena.

Masika yaliyofuata aliumwa kifua kama mimi sasa, akafa. Hakwenda Siyu.

Mfunguo Sita umeingia

Mwezi umeonekana. Muhdhar alipiga tari barazani na watu wakashangilia. Sina haja ya kuandika mengine.

4 Mfunguo Sita

Nimemwambia Radhiya. Alikuwa akikamua ndimu kwenye bakuli. Nilimwambia habari ya maziwa kwanza, kisha Tima, kisha mengine yote mpaka mlangoni na mara tano.

Aliendelea kukamua ndimu ambayo haikuwa na maji tena.

"Nani mwingine ayuaye?"

"Mama yako, Mungu amrehemu."

"Nimekwenda Siyu mara mbili, arusini. Nimepishana naye ndiani, Baba? Nimempa nguo zangu anifulie?"

 Akabeba bakuli, akatoka.

5 Mfunguo Sita

Chakula kimeletwa na jirani.

6 Mfunguo Sita

Jirani tena. Amesema Radhiya anaumwa kichwa.

7 Mfunguo Sita

Radhiya amerudi chumbani mwangu. Alinisugua miguu, na alipomaliza akasema, "Yu hai. Nimeuliza wavuvi wa Siyu. Tangu serikali ifute utumwa ana shamba lake la minazi na nyumba. Nitakwenda kumtaka aje."

"Hatakuja."

"Hiyo ni kazi yake kuamua, si yako."

Sijapata kumwona mwanangu hivi. Kwa miaka yote nilidhani upole wake ni wa mtu asiyekuwa na la kusema.

11 Mfunguo Sita

Leo nimemwambia Muhdhar. Nilimpa karatasi niliyoandika jana: *Sauti hii nimeipokea kwa Hadia, mjakazi, katika nyumba yangu, naye aliiimba kwa ajili ya bintiye Tima, ambaye mimi nilimtenga naye.* Aliisoma amesimama. Akaisoma tena.

"Babu, wataka nisimame mbele ya masharifu na Lamu nzima, niseme kaswida yetu imetoka kwa mjakazi aliyekuwa akisuka mikeka?"

"Nataka useme kweli."

"Kweli umeiyua miaka arobaini na minne! Ukala nayo, ukasalimiwa nayo ndiani, ukapewa nafasi ya mbele msikitini. Haikukukwama kooni hata siku moja. Sasa waniachia mimi niiseme, wewe ukiwa umelala kaburini wapumzika."

 Alikuwa amesema sawa.

"Ndiyo," nikamwambia. "Hivyo ndivyo nilivyofanya."

Aliiweka karatasi juu ya kasha. "Nitaimba. Silsila mji unaiyua, haina haja ya karatasi yako." Akateremka, na baada ya muda kidogo matari yakaanza uani, kwa kasi kuliko siku zote.

12 Mfunguo Sita

Pumzi fupi. Hakuna upepo. Samaki wanaoza sokoni kabla ya adhuhuri, harufu inafika hapa.

15 Mfunguo Sita

Radhiya ameondoka na mashua ya alfajiri kwenda Siyu. Ufa juu ya kitanda sasa unaingia kidole.

Ijumaa, 18 Mfunguo Sita

Leo ndiyo siku kubwa ya msiba kwa Wakristo. Bwana Lobo hakwenda kazini. Aliweka sahani mapema, nami nilijiinua kwenye mto. Ilianza chini tangu mwanzo, polepole, ikazidi kushuka. Kisha nikasikia mlio ndani ya sanduku, kama mfupa, na kimya.

Alipita baadaye kuniambia. "Kamani imekatika, Mwalimu. Siku ya leo, ya leo kabisa!" Macho yake yalikuwa mekundu. Mwezi mmoja uliopita ningemcheka, mtu mzima kulilia chuma. Nilimwambia akae. Tulikaa hivyo mpaka Alasiri.

20 Mfunguo Sita

Muhdhar hupita mlangoni bila kuingia. Husema, "Shikamuu, Babu," kwa sauti ya mtu anayelipita kaburi.

23 Mfunguo Sita

Wamefika. Nimesikia sauti mbili ngazini, moja ya Radhiya. Nyingine sikuijua, ila mwili wangu uliijua. Radhiya amesema amechoka, atakuja kwangu kesho.

Alhamisi, 24 Mfunguo Sita

Naandika kwa vipande. Lakini hii sitaiacha.

Baada ya Alasiri Radhiya alinikalisha kwenye kiti karibu na dirisha. Zefe ya Maulidi lazima ipite chini ya nyumba yetu, na kila mwaka husimama hapa kwa heshima yangu. Tukasikia matari upande wa msikiti. Ndipo Tima akaingia.

Ni mwanamke mnene, mwenye mikono ya mkulima na mvi zilizosukwa vizuri. Ana mabega ya mamake.

"Karibu, Bi Tima," nikasema.

"Umeanza lini kuniita Bi?"

"Leo."

"Mm. Nami nimeanza yeo kukaa kitini mbele yako. Basi sote tu wanafunzi." Akakaa kabla sijamwonyesha kiti. Akamtazama Radhiya. "Huyu kanieleza yote ndiani, akilia mpaka nahodha akadhani kuna maiti. Nikamwambia, la maziwa nalijua. Mama aliniambia nina pacha Lamu. Nilimwona arusini Siyu, na buibui yake ya hariri. Nikasema, nimwendee nimwambieje? Ndugu yangu, lete viatu nikushikie?"

Radhiya alicheka na kulia kwa pamoja. Tima hakucheka.

Nilimweleza. Radhiya alikuwa amekwisha kumwambia, lakini nilitaka ayasikie kwa mdomo uliotenda. Nilimwambia hesabu ya miezi ya tumboni. Nilimwambia mikeka, mlango, mara tano. Ilinichukua muda, kwa kuwa kila maneno manne napumzika.

Alisikiliza huku akitazama ufa ukutani.

"Miaka mitatu," akasema mwishowe. "Kila mashua ilipoingia nilishuka kwenye mikoko nikamngoja mama. Yule bibi arusi uliyenipa alinipiga kwa ajili hiyo. Mwaka wa tatu mtu akaniambia amekufa, amekufa tangu masika ya kwanza. Basi miaka miwili na zaidi nilikuwa nikimngoja maiti. Nami nilikuwa nimemkasirikia kwa kuwa haji."

Zefe ikafika. Ikasimama chini ya dirisha, matari yakanyamaza, na Muhdhar akasoma silsila kwa sauti safi iliyofika juu mpaka kwetu: "Sauti hii nimeipokea kwa babu yangu Mwalimu Abdulqadir, naye kwa baba yake, naye kwa baba yake aliyekuja nayo kutoka Hadhramaut…" Watu wakaitikia. Kisha kaswida ikaanza, na makofi.

Tima aliinamisha kichwa.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Mbona wanakimbia? Wanafukuzwa na nani?" Akangoja beti ipite. "Siisikii. Naisikia ngoma tu. Niimbie wewe kama yeye alivyoimba hapo mlangoni."

"Sina pumzi."

"Basi imba bila pumzi."

Nikaimba. Neno moja, nikapumzika. Neno la pili, nikapumzika. Mwaka wowote mwingine wa maisha yangu ningeimba haraka, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyozoea miaka arobaini na minne. Sasa kifua kilikataa. Kila mpindo nilikawia pale kwa kuwa sikuweza kutoka, na sauti ilishuka kwa kuwa sikuweza kuishika juu. Nikaisikia ikitoka kwangu kama ilivyotoka kwake, kwa mwendo wake, mahali pake pa kusimama. Na chini, kati ya beti ya pili na ya tatu, tari moja ikakosea pigo, kisha nyingine. Muhdhar alikuwa ameinua uso akitazama dirishani.

Nilifika mpindo wa tatu. Tima akainua mkono.

"Sivyo. Hapo hakukuwa hivyo. Hapo kulikuwa na ina langu."

Jina lake. Neno lile alilolimeza Hadia, ambalo sikulishika nikaweka jingine badala yake, la kumsifu Mtume ili nisiulizwe.

"Ilikuwa ya kunilaza," akasema Tima. "Aliniimbia tangu nikinyonya. Haikuwa ya kulia. Wewe ndiwe uliyeifanya ya kulia, kisha ukaifanya ya kucheza."

Akauimba ule mpindo, mara moja, kwa sauti ndogo, akimtazama Radhiya. Nilisikiliza kwa yote niliyo nayo. Sikuushika. Masikio yangu yaliyochukua kila kitu bila idhini katika mji huu, hilo moja yaliliacha lipite.

Kaswida ilipoisha chini na watu wakaanza kwenda, nilimwuliza. Nilikuwa nimeapa sitamwuliza.

"Tima. Utanisamehe?"

Alisimama, akajifunga mtandio. Hakuwa na hasira usoni. Ningependa angekuwa nayo.

"Langu nitalitazama nikifika nyumbani," akasema. "Lakini kubwa si langu. Ni la mama. Na wewe utamwona kabla yangu."

Ijumaa, 25 Mfunguo Sita

Mvua kubwa tangu alfajiri. Maji yanapita ndani ya ufa. Radhiya ameandamana na Tima kwenda Siyu, kwa siku ngapi hakusema, nami sikuthubutu kuuliza. Bwana Lobo anakuja mara mbili kwa siku kunipa maji.

27 Mfunguo Sita

Muhdhar ameingia. Alisimama mlangoni, mikono imeshika nguzo, na nilimwomba asisimame pale. Akakaa.

"Siku ile dirishani. Ulikuwa ukiimba nini?"

"Ile ile uliyokuwa ukiimba wewe."

"Si ile."

"Ile ile."

Akatazama mikono yake. "Nilipoisikia, nilisahau mkono wangu. Watu walicheka." Kisha akasema, bila kunitazama, "Nifunze hiyo, Babu."

"Siwezi. Mpindo wa tatu sina. Sikuwa nao kamwe."

29 Mfunguo Sita

Nimeandika karatasi, mistari miwili, na nimeitia muhuri: *Mimi Abdulqadir sina ijaza ya kutoa juu ya sauti hii, kwa kuwa niliichukua bila kupewa. Mwenye nayo ni Bi Tima binti Hadia, Siyu. Atakayeitaka na amwendee yeye, akikubali.* Bwana Lobo na tabibu ni mashahidi.

Kifua kimejaa. Naandika nimekaa, kwa kuwa nikilala nazama. Kila nikifumba macho namwona Hadia amesimama mlangoni, na sijui ni mara ya ngapi kati ya zile tano. Nimetayarisha la kumwambia. Kila nikilisema linakuwa fupi zaidi.

Mvua inanyesha. Upande wa mashariki kimya. Upande wa magharibi Muhdhar yuko peke yake uani, chini ya kipenu, bila tari. Anaijaribu polepole. Anapita mpindo wa kwanza vizuri, na wa pili. Anafika wa tatu, anasimama. Anarudi mwanzo. Anafika, anasimama.

Neno nalijua sasa. Ningeweza kumpigia ukuta nikamwambia. Sitamwambia. Mashua ya Siyu huondoka alfajiri.